Monika, Usishuke Kolwezi

Monika mwana yangu,

Kesho treni ikisimama Kolwezi, usishuke. Ata bakisema itakaa pale saa mbili, ata roho ikikupiga namna gani, kaa mu vago na mutoto mpaka itoke tena. Ninaanza na neno hii juu nikianza na ingine nitazunguka, unanijua. Bwana yako hayuko Kolwezi. Banza iko Lobito, ku bahari, vile anaandikaka, na maneno yenye alikuandikia juu ya ile muji iko ya kweli yote.

Utauliza: Tata, leo umegeuka namna gani? Si weye ulisema mbele ya bantu kama Banza anadanganya? Nilisema. Na bantu balisadiki, juu mu kambi yetu hii ya reli, tangu ungali mutoto, minyi, tata yako, njo muntu mwenye alifikaka Lobito, minyi njo mwenye aliona bahari.

Sikufikaka Lobito. Bahari sikuionaka ata siku moja.

Nimeandika. Niliacha kalamu, nikatoka inje, nikafika ku jiko, nikaangalia ile samaki ya Mama Banza yenye inaninginia yulu ya moto tangu mwezi mbili, nikarudia. Neno ingali pale ku karatasi. Bon, tuendelee.

Saa hii ni saa tisa ya muchana. Weye na mama yako mulienda ku gare kungojea treni ya Bukama, kumupokea Mama Banza, mama ya bwana yako. Alitoka Kinkondja na bwato, alilala njiani mu majani ya ziwa, kiisha apande treni, juu anataka kumubeba mujukuu yake mbele ya kuachana naye. Niliona vile ulifunga kitambaa ku kichwa, umekaza sura, sawa muntu anaenda kupokea polisi. Usimukasirikie ule mama. Ukimaliza kusoma utajua ni nani wa kukasirikia.

Bya safari sitasema. Maji ya mutoto, na kuweka karatasi ya safari mu kifua, na kutolala wakati valizi iko ku mulango, mama yako alisha kusema mara kumi, na asubuhi nilimusikia anaanza ya kumi na moja. Minyi niko na yangu, na iko nzito kupita valizi.

Ulikuwa na miaka tano. Wakati ile sikuwa bado ku magazini ya reli, nilikuwa mufagizi ya vago ya basafiri. Tulitoka hapa Kamina, tukashuka mpaka Tenke, kiisha tukafuata upande jua inaingia mpaka Dilolo, ku mupaka. Pale Dilolo mashini yetu yenye kuvuta treni inakatwa. Mashini ya Baporto, bazungu ya upande ile ya mupaka, inakuya, na bantu yabo na kofia yabo, banashika vago, banaenda nayo ku bahari. Sisi tunabakia. Tunalala mu nyumba ya bafanyakazi, tunapika bukari ya bunga ya mahindi, tunafua nguo, mpaka treni ingine itoke ku bahari, na ile njo tunafagia.

Kazi yangu ilikuwa ile, kufagia bitu yenye ilitoka fasi minyi siendi. Chini ya kiti nilikuta maganda ya machungwa, gazeti, kichana, siku moja kiatu ya mutoto. Na muchanga. Kila safari muchanga, mweupe, mwembamba, inaingia mpaka mu mbao. Nilifagia, nikatupa inje ku mawe ya reli, nikafagia tena. Iweke mu kichwa hii ya muchanga, nitairudilia.

Siku moja nilikuta ganda ya konokono ya bahari, ile ya rangi ya maziwa. Nilikuletea. Ulikaa nayo ku magoti yangu, ukaigeuza, ukaninusisha puani, ukauliza: "Tata, uliona bahari?"

Nilikuwa nimechoka. Ningesema hapana, ungelala, ingekwisha. Lakini uliniangalia na macho ile, na minyi nikasema: "Niliona."

Ulishuka mbio. Ulienda nyumba kwa nyumba: tata yangu aliona bahari. Kiisha bukari ya magaribi, banaume tatu balikuya na kiti yabo kuniuliza bahari iko namna gani. Na minyi, mufagizi, mwenye ku kazi hakuna muntu aliniita na jina, baliniita tu "weye, fagia," nilikaa katikati ya banaume batatu na balinyamaza banisikilize. Nilisema iko kubwa. Nilisema inapiga kelele. Nilirudia ndani na furaha, Monika, ninakuambia kweli, nilikuwa na furaha.

Ile njo ya kwanza. Ya pili ilikuwa kitabu.

Unaijua sana, kitabu yenye ngozi ya mbele ilipasuka, karatasi yake ya kuteleza, na foto na karte ya muji ndani. Niliikuta katikati ya kiti mbili. Ni ile kitabu banaandikiaka bageni, bajue fasi ya kutembelea. Ilikuwa mu luga ya Baporto, na minyi luga ile siisome. Lakini foto haina luga. Ilikuwa inatoka mu treni ya bahari, na mule ndani kulikuwa maji kubwa na mashua, mbona nisiseme ni Lobito? Sikuuliza muntu. Niliangalia foto usiku yote ya Dilolo, nikashika karte mu kichwa vile nilishikaka katekisimu, na nilipofika Kamina nilikuwa ninajua muji.

Munara mweupe yenye kusimama ndani ya maji. Kilima na ngome yulu. Gari ya umeme, ndogo, inapanda mu njia nyembamba mpaka inakaribia kugusa nguo yenye inakauka ku madirisha. Kiwanja yenye mawe yake, ya nyeusi na nyeupe, bameipanga sawa maji inatembea. Bamama ya samaki na kitunga ku kichwa. Ile lifti ya chuma yenye kuchukua bantu chini na kuwatoa yulu ya muji. Ni minyi nilikupa yote ile. Na weye, miaka saba, ulipanga kiti mu lupango, mbele ya nyumba, ukakalisha batoto ya kambi, ukasimama mbele na fimbo: "Bageni, muangalie ku mukono ya kushoto, munara. Tusimame kidogo. Sasa tunapanda." Ulipoanza masomo kwa bamasera ya misioni uliandika mu kaye ya masomo: siku ya kwanza munara, siku ya pili kilima na ngome, siku ya tatu kiwanja na kula samaki. Bantu balipita ku njia balicheka, balisema mutoto wa Matiasi ataendesha bazungu.

Minyi nilikaa ku mulango, ninatengeneza fasi ulikosea. "Hapana, Monika, kanisa iko mbele ya kiwanja." Fikiri. Nilikuwa ninakutengeneza.

Kuko kitu moja yenye sikuambiaka muntu, ata mama yako. Mwaka ya mwisho ya kufagia, kontroleri moja wa treni, Muporto, muntu muzuri wa masharubu, aliniita Dilolo. Alisema: "Matiasi, panda. Utakaa na minyi mu vago ya mizigo, utaona bahari, utarudia na treni yenye kurudi. Shefu yako nitamuambia ulikuwa unasaidia." Nilikuwa na mufagio mu mukono. Mulango ya vago ilikuwa wazi. Ningenyanyua muguu moja tu.

Nikasema niko na homa.

Ilikuwa uongo ingine, sikuwa na homa. Niliogopa kazi, kweli, lakini haikuwa ile. Niliogopa kuona. Nilisha kuwaambia bantu yote ya kambi, nilisha kukuambia weye, na uliandika mu kaye. Kama nitafika na nikute muji ingine? Nitarudia Kamina kusema nini? Treni ilienda, na minyi nikabaki ku Dilolo ninaangalia vago ya nyuma mpaka ikawa ndogo. Kama siku ile ningepanda, leo singekuwa ninaandika barua hii. Njo maana ninaifikiriaka mingi kupita zingine.

Kiisha Banza akakuya kukutaka.

Unakumbuka, ule kijana alikuwa anakuya anakaa na minyi kupita kukaa na weye, mpaka ulinung'unika. Alikomaa mu bwato, ku Kinkondja, muntu wa ziwa, na alikuwa anataka kujua maji yenye haina ngambo. Jioni ingine aliniuliza: "Tata, kweli ukisimama huoni ngambo?" Nikasema: "Huoni kitu." Macho yake iling'aa. Alipopata ule muzungu mwenye kutafuta mupishi wa kuenda naye ku port ya Lobito, bantu balimuambia ni mbali, bibi yako amezaa sasa. Yeye alisema: "Tata Monika alifika, alirudia muzima. Minyi pia nitafika, kiisha nitawaita." Alienda juu yangu. Mutoto alikuwa na miezi mbili.

Sasa barua yake. Ninaijua karibu neno kwa neno, juu uliisomea mbele yangu, ku meza hii, unacheka na hasira. Alisema muji iko yulu ya ulimi ya muchanga, maji upande hii na maji upande ile. Alisema hakuna kilima mu muji, kilima iko nyuma, mikavu, haina ata muti. Treni inafika karibu na mashua kubwa. Kuko fasi banakausha chumvi, banaikusanya nyeupe sawa bunga. Na kuko ndege ya miguu mirefu, ya rangi ya rose, nyekundu ya kufifia, inasimama mu maji kidogo, mingi mingi.

"Ndege ya rose!" ulisema. "Tata, unasikia? Ananifanya mutoto. Huyu hakufika. Muntu mwenye alifika Lobito asione munara? Asione gari ya umeme?"

Na minyi nikacheka na weye.

Ile wiki ile, jirani yetu alirudia na neno ya Kolwezi, kama aliona muntu sawa Banza ku soko, na bibi mwingine. Sawa Banza. Hakusema ni Banza. Lakini weye ulikuwa na barua yenye haifanani na tata yako, na ile ilitosha. Neno ya Kolwezi ilipata miguu ku mudomo yangu.

Lakini ku mwisho ya ile barua kulikuwa sentensi yenye ulipita mbio, na minyi sikupita. Alisema: "Umusalimie Tata sana. Umuambie munara sijaiona bado, labda iko upande yenye sijafika. Siku ya Mungu muzungu anapumzika, ninatembeaka kuitafuta."

Monika, ule mutoto alijua. Muji iko ulimi moja ya muchanga, ataitafuta munara wapi? Alijua siku ya kwanza kama minyi sikufika. Na hakukuandikia "tata yako ni muongo." Aliandika labda. Alinifungulia mulango nipite polepole, bila bantu kuona. Na minyi nilichukua ile ile barua nikamupiga nayo.

Siku bakwe, bantu ya Banza, balikuya unaijua, lakini nitakuandikia vile minyi niliiona, kutoka ku kiti yangu. Mama Banza alikaa upande ile, na kaka yake, ule muzee wa kukohoa. Sisi upande hii. Ulisema yako yote: Kolwezi, bibi, barua, unataka ndoa iishe. Mama Banza alisema kidogo tu: "Mutoto yangu alikomaa ku maji. Kama anasema maji iko pande mbili, aliiona pande mbili."

Muzee aligeuka kwangu. "Tata Monika, hapa sisi yote hatujui ile fasi. Weye njo ulifika. Utuambie. Ile muji iko yulu ya muchanga, ao iko yulu ya kilima?"

Ningeweza kusema: sijui. Neno moja. Bantu balikuwa banangojea, na mama yako alikuwa ku mulango ya jiko anashika chungu. Nikasema: "Iko ku kilima. Ni mawe. Muchanga hakuna."

"Na ndege?"

"Minyi sikuona ndege ya rose." Hii moja ilikuwa kweli.

Mwana yangu, miaka kumi na moja nilifagia muchanga ya ile muji. Iliingia mu viatu yangu, mu masikio, niliikuta mu bukari. Mikono yangu ilijua kupita kitabu. Na nilisimama mbele ya mama mwenye alitoka Kinkondja na bwato, nikamuapia hakuna muchanga. Nilikuwa ninasadiki foto kuliko mikono yangu, njo haya yangu kubwa.

Unajua desturi yetu ya samaki. Bakwe bakileta samaki ya kukausha mu maneno ya ndoa, na neno ikitengenezeka, bibi ya nyumba anaitia mu maji bangali palepale, inapikwa, tunakula yote. Isipotiwa mu maji, ile njo jibu. Mama yako aliniangalia na chungu yake. Nikatikisa kichwa. Mama Banza aliona. Alisimama, akajifunga kitambaa, akasema: "Basi. Muntu wa reli amesema." Alikuaga weye, akamugusa mutoto ku kichwa, akaenda. Samaki yake, mama yako aliitundika yulu ya moto, juu hakujua kuifanya nini. Iko pale mpaka leo.

Nilisadiki nilikuwa na haki. Wiki moja, mbili. Lakini usiku ile sentensi ya munara ilirudia: ninatembeaka kuitafuta. Muongo wa Kolwezi atatembea kutafuta munara kwa nini? Sasa imepita wiki tatu tangu nilifunga kitabu mu gazeti, nikaenda ku magazini ya ule Muporto wa karibu na soko, mwenye kuuzisha bitambaa. Nikamuambia: unisomee hii.

Aliifungua. Alipita karatasi moja moja, akaweka kidole ku ile njia nyembamba ya gari ya umeme, akasema: "Nilizaliwa nyuma ya hii njia." Nikasema: "Lobito?" Aliniangalia sawa nimekunywa. "Lobito gani? Hii ni Lisboa. Ulaya. Muji kubwa ya Baporto. Muntu alitoka nayo kule na mashua, akaisahau mu treni."

Nilimuuliza Lobito iko namna gani, juu yeye alishuka pale siku alikuya Kongo. Akasema: muchanga. Nzuri, lakini muchanga, na maji pande zote. Nilikuwa ninajua neno ya kuuliza tena na sikutaka kuuliza. Niliuliza. "Kuko ndege ya rose?"

"Mingi," akasema. "Asubuhi maji yote inakuwa rose."

Nilirudia na kitabu. Ulikuwa unafua nguo ya mutoto, ukaniuliza: "Tata, ulikuwa wapi?" Nikasema ku kazi. Wiki tatu, Monika. Karatasi ya safari yenye Banza alikutumia ilifika, ukasema mbele ya mama yako: "Vizuri. Nitapanda, nitashuka Kolwezi, nimutafute ule bibi na macho yangu, kiisha nitarudia hapa na iishe." Nilikuwa nimekaa palepale ninakula. Unajua vizuri karatasi ile ni ya safari moja. Ukishuka Kolwezi inakufa Kolwezi. Ungerudia hapa na mutoto mwenye hana baba, na Banza angekaa kule ku gare anangojea treni yenye hauko ndani. Na minyi ningekufa na jina ya muntu mwenye aliona bahari. Nilijua yote ile, na nilimaliza bukari yangu. Sina neno ya kutengeneza hii. Nina haya, na haya yenyewe haikusaidii weye kitu.

Leo asubuhi, ulipokuwa unaogesha mutoto, mama yako alikaa karibu na minyi. Akasema: "Tata Monika. Mama Banza akiingia mu nyumba hii, utasema weye ao nitasema minyi?"

Nikajifanya sielewe. "Kusema nini?"

"Miaka kumi na moja nilifua nguo yako. Ilikuwa na moshi ya mashini na vumbi ya Dilolo. Nguo ya muntu mwenye alifika ku bahari, nilifikiri itakuwa na chumvi kidogo."

"Ulijua? Mbona ulinyamaza?"

"Mutoto alifurahi. Weye pia ulifurahi. Nilisema ni ya kucheza." Akanyanyuka. "Siku ile ya bakwe haikuwa ya kucheza."

Njo maana nimekaa kuandika. Na nitakuambia ya mwisho, juu sitaki kubakisha kitu. Nilipoanza, nilifikiri nitaiweka barua hii chini ya kitunga, chini ya nguo ya mutoto, ikunjwe vizuri, uikute mu safari, Dilolo ikisha kupita, weye uko kule na minyi niko hapa. Nilisha kuchagua ata nguo. Kiisha niliandika neno ya Kolwezi, nikajisikia. Treni inafika Kolwezi kwanza, kiisha Dilolo. Ungekuwa ulisha kushuka zamani, na barua yangu ingeenda ku bahari peke yake, ao ingelala mu kitunga ku soko ya Kolwezi wakati unapigana na bibi wa muntu mwingine. Ata kuungama, nilitaka kuungama kwenye sitaona sura yako.

Hapana. Kitunga iko mu chumba na sikuigusa.

Kitu moja nitakuomba, na unaweza kuikatala. Banza akikupokea, na akushike mukono akuonyeshe ile muji, muache akuonyeshe. Usimuambie "Tata alisema." Usitafute kilima. Kama atakupeleka kuangalia muchanga tupu, angalia muchanga, juu aliitembea siku nyingi ya Mungu juu ya heshima yangu. Umuambie munara iko Ulaya, aache kuitafuta. Umuambie nilisema minyi mwenyewe. Kaye yako ya utoto iache hapa, ao ichukue, lakini usiifuate.

Na ukifika uniandikie. Usiniandikie ya kunifurahisha. Niandikie vile iko.

Karibu na saa kumi. Nimesikia treni ya Bukama inapiga filimbi ku kona, mutachelewa kidogo na mizigo ya Mama Banza. Mbele ya kuandika mustari hii nilishusha samaki yake kutoka yulu ya moto. Ilikuwa nyeusi na moshi na nyepesi. Niliisukula mpaka moshi ikatoka, nikaitia mu maji ku ile chungu kubwa, minyi mwanaume na mikono yangu, mama yako atacheka ao atalia, sijui. Mama Banza atakaa ku kiti yangu. Ninyi yote mutakaa. Nitasimama mbele yake na barua hii, niisome kwa sauti, kutoka ku usishuke Kolwezi mpaka hapa, na kama sauti itakatika utaishika weye umalizie. Kiisha, kama ule mama angali anataka kula mu nyumba yangu, mama yako atawasha moto.

Ninasikia mutoto analia ku njia. Muko karibu.

Minyi tata yako Matiasi, mwenye alifikaka mpaka Dilolo.